Kilo za Yaya Josée

Musonoi, Kolwezi
Jumatatu, 16 Septemba 2024

Agnès, mdogo wangu,

Moyo webe, salamu nyingi. Moyo wa mume wako Tata Philippe, na wa bibi harusi wetu Jémima ambaye sikumwona akivaa gauni. Sisi huku tu wazima. Musonoi ni ile ile: asubuhi watu wa mgodi wanapasua mlima, sahani zinaruka kabatini, mchana malori yanatupakaza vumbi, jioni tunakohoa kidogo na kulala. Florentine, jirani yangu wa sokoni, anakusalimu. Meza yake ya maharagwe inasogea kila siku, sasa imeingia kwenye meza yangu ya makayabu, samaki wangu wa chumvi, nami nimenyamaza kwa sababu ya dini tu. Kwa kuwa antena yenu ya simu imelala tangu Pasaka, ninaandika, na rubani Sadrack ameahidi kuibeba barua hii miguuni mwake pamoja na za wengine.

Sasa sikiliza. Najua Alhamisi mlisimama wote kwenye uwanja wa Musumba mkaitazama ndege, mlango ukafunguka, wakashuka wengine wote, na mimi sikushuka. Najua Jumamosi mtoto niliyemlea miaka tisa aliolewa bila mimi. Usinihukumu kabla hujasikia mambo ya uwanja wa Kolwezi, maana nina hasira.

Walisema tufike saa kumi na mbili asubuhi. Tukafika. Ndege yenyewe tuliiona pale nje, injini iko wazi, fundi ameingiza kichwa ndani. Kila baada ya saa moja msichana wa kampuni alikuja kututangazia: "Ndege iko mu njia, inafika." Iko njiani inatoka wapi, nayo imesimama mbele ya macho yetu? Mzee mmoja akamwonyesha kwa kidole. Yule msichana akatazama, akasema, "Ile njo yenyewe, lakini haiyafika." Tukakaa.

Halafu ikaja mizani. Agnès, ni ile mizani ya chuma ya kupimia magunia ya mahindi! Kwanza walipima samaki. Halafu walipima jogoo: mwenye jogoo akapanda na jogoo, kisha akapanda bila jogoo, ili watoe hesabu. Jogoo akatoroka, tukamkimbiza wote, mpaka mchungaji. Mchungaji mwenyewe alipopimwa alivua koti, akavua viatu, akampa mke wake Biblia amshikie, kana kwamba neno la Mungu litaangusha ndege. Mkubwa mmoja wa mgodi yeye alipimwa ofisini, mlango umefungwa. Sisi wengine tuna kijana anaitwa Hénock. Anasoma mizani na kupiga kelele kwa Kifaransa mpaka upande wa pili wa ukumbi, ambako mwenzake anaandika. Ukumbi mzima unageuka kumtazama mwenye kilo zake.

Zamu yangu ikafika. "Mama, weka mukoba, panda na weye, tunapima bote."

Mimi, mjane wa Kalonji, mama wa kanisa, nipande juu ya chuma chenye magamba ya samaki, nitangazwe kama gunia? Nilikataa. Sikupanda. Nilichukua mkoba wangu nikatoka, na hakuna aliyenikimbilia.

Mwambie Jémima asinune. Na yule mbuzi wa mama ambaye watu wa bwana harusi Mechack walimleta, mle wewe. Ndiwe uliyemzaa mtoto.

Dada yako, ambaye hasira yake bado haijapoa,
Josée Mbelu


Musumba, 28 Septemba 2024

Yaya,

Moyo webe, dada yangu mkubwa. Barua yako ilifika Alhamisi, tena haikupimwa. Hapa ni heri. Mvua ya kwanza imenyesha, mihogo inapandwa, zahanati yangu ina paa jipya upande mmoja. Antena imekuja kutazamwa na mafundi wawili. Walipanda, wakashuka, wakala kuku wangu, wakaenda.

Arusi ilikuwa nzuri, lakini nitakuambia ukweli: kiti chako kilikuwa wazi na kila mtu alikiona. Na mbuzi hakuliwa. Ulipofika wakati wa mbuzi wa mama, baba yake Mechack alinyoosha kamba kwangu, kama ilivyo kwetu Waluba, kutoka mkononi mwake mpaka mkononi mwa mama. Jémima akasimama na gauni lake, mbele ya watu wote: "Apana, tata. Mama alinizaa, lakini Mama Josée njo alinilea. Ile mbuzi ni yake. Atapokea na mukono yake." Watu wa Mechack wakasema mtoto ana akili. Philippe wangu, unajua yeye ni Mlunda, akauliza kama mbuzi huyo ana nyama tofauti na mbuzi wengine. Tulimtazama mpaka akanyamaza.

Kwa hiyo mbuzi wako amefungwa nyuma ya kibanda cha uwanja wa ndege, ambapo Philippe anamwona akiwa kazini. Ni jike, mweusi, mkaidi kama mtu ninayemjua. Amekwisha kutafuna kamba ya ile soksi ya kuonyesha upepo. Hauzwi, hachinjwi, anakungoja wewe.

Sasa kuna jambo moja limetuudhi sana. Unasema hukupanda kwenye mizani. Lakini kila ndege ikija, Philippe anapokea karatasi ya abiria, majina na kilo zao. Ile ya tarehe 12 iko hapa mbele yangu: "Mbelu Josée, 54." Hamsini na nne! Wewe! Kama hukupanda, basi waliandika kutoka vichwani mwao. Philippe alikasirika mpaka akasimama. "Hii balance inadanganya! Kama banaandika Mama Josée sawa mutoto wa sekondari, siku moja ndege itaangukia mu pori!" Akachukua kalamu nyekundu, akakata 54, akaandika 94, akaiambatanisha na barua ya malalamiko kwa kampuni. Ameomba mizani ichunguzwe mbele ya mashahidi. Usijali, heshima yako tumeilinda.

Panda ndege ijayo, Yaya. Vumilia Hénock dakika moja tu.

Mdogo wako mwenye kukungoja,
Agnès


Musonoi, 20 Oktoba 2024

Agnès,

Salamu kwa wote. Mimi ni mzima. Florentine mzima. Makayabu yamepanda bei na watu wamepunguza sauti.

Nani alimtuma Philippe? Niambie, nani? Nimekaa kwangu Musonoi, sijamwomba mtu kalamu, wala nyekundu wala bluu. Kuhusu karatasi hiyo sina la kusema. Mwanaume anayechunga mbuzi kwenye uwanja wa ndege aache kuchunga kilo za wake za watu.

Hata hivyo nilijaribu tena, tarehe 10, kwa ajili ya Jémima. Usiseme sikujaribu. Walitupa zile kadi za kuingilia ndegeni, za plastiki, zimechoka, yangu ilikuwa na alama ya jino. Walituambia tusizipoteze, maana ni zile zile tangu kampuni ilipoanza, na mlangoni zinarudishwa. Kama kadi za zahanati yako zingekuwa na nidhamu hiyo!

Hénock aliponiona akasema, "Mama, leo tunapima muzuri, juu ya ile barua ya Musumba." Unaona kazi ya mume wako? Ukumbi mzima ukajua kwamba mimi ndiye mama wa barua. Nikapanda. Niliwaza, liwalo na liwe. Nilikuwa nimevaa vitenge vitatu kwa sababu asubuhi kulikuwa na baridi. Na nilikuwa nimekuletea chumvi, kwa kuwa ulilalamika Pasaka kwamba Musumba chumvi ni shida. Nilizifunga pakiti kiunoni kwa kitambaa, mahali salama, wezi ni wengi.

Pakiti moja ikapasuka. Chumvi ikaanza kumwagika kwenye mguu wangu mpaka sakafuni, na namba za mizani zikaanza kushuka, na yule mpumbavu akazitangaza zote, moja moja, kama anahesabu kura! Mwenzake wa upande wa pili anaandika na kukata, anaandika na kukata. Halafu mlinzi akapiga kelele: "Mama iko na bintu mu bilamba!"

Agnès, walifikiri ninatorosha madini ndani ya nguo! Mimi! Vijana wachimbaji wanapita na magunia mbele ya kila mtu, lakini mama wa makayabu ndiye anayeshikwa. Wakaniingiza chumba kidogo na mwanamke mwenye sare. Pakiti zikapangwa juu ya meza. Mkubwa wa walinzi akachovya kidole, akaonja, akakunja uso. "Ni chumvi." Mwanamke mwenye sare akaniuliza, "Mama, juu ya nini unafungaka chumvi ku tumbo?" Nikamjibu, "Ni ya mudogo wangu. Kwenu muko nabeba chumvi ku kichwa?"

Mpaka wamalize kuandika ripoti yao, ndege ilikuwa imekwenda. Walinirudishia chumvi yote isipokuwa ile waliyoonja.

Sitapanda tena. Kuleni mbuzi.

Josée


Musumba, 9 Novemba 2024

Yaya Josée,

Moyo webe. Leo sitakupa habari za mihogo.

Kampuni imemjibu Philippe. Walichukua mifuko miwili ya saruji ya kilo hamsini, wakaiweka kwenye mizani mbele ya mkuu wa ofisi na mashahidi wawili. Mizani ilisema mia moja. Walijaribu mara tatu, ikasema mia moja. Wamemwomba Philippe kwa heshima asiandike tena kwa rangi nyekundu. Alinisomea barua hiyo akiwa amekasirika, anasema hata saruji siku hizi inaibiwa kwenye mfuko. Mimi sikusikia mwisho wake. Nilikwenda kuchukua barua yako ya chumvi nikaisoma upya nimesimama.

Miaka kumi na sita nimekuwa muuguzi pembeni ya uwanja huu. Nimeona watu wakivua viatu, wakivua mikanda, wakimpa jirani begi alishike, mmoja alinyolewa nywele kabisa. Wote wanaficha kilo ili wapungue. Wewe ni mtu wa kwanza niliyewahi kusikia anaficha ili aongezeke.

Ulipanda tarehe 12. Ulipanda, ukapimwa, ikasemwa hamsini na nne, ukatoka. Ulinidanganya, nami na mume wangu tukakusaidia kudanganya kwa kalamu nyekundu. Nina hasira, Yaya. Nina hasira na wewe kuliko wewe na Hénock. Ulikuwa na kilo tisini na zaidi ulipokuja kumleta Jémima likizo, mwaka juzi tu. Zimekwenda wapi? Unakohoa tangu lini? Usiniandikie vumbi. Mimi pia nilizaliwa Musonoi, vumbi nalijua, vumbi haliondoi kilo arobaini.

Shemeji Kalonji alikohoa mwaka mzima akisema ni vumbi. Wewe ndiwe uliyemfunika vitenge ili wageni wasimwone. Nilikuambia wakati ule, na ninakuambia leo: mficha maradhi, kilio humfichua. Kwa Kalonji kilio kilikuja. Mimi sitaki kukisikia tena kutoka nyumba ile ile.

Ninakuja na ndege ya tarehe 21. Zahanati nimemwachia mwenzangu. Usinipikie, usinipangie kitanda, usiende kwa dada wa kanisa siku hiyo ukasema hukupata barua. Sadrack atakupa mkononi, nimemwagiza akuangalie unavyoifungua.

Na usijifunge chumvi.

Agnès


Musonoi, 18 Januari 2025

Agnès, mdogo wangu,

Moyo webe, na mwaka mpya. Tangu ndege ikuchukue tarehe 19 Desemba nyumba imekuwa kimya mno, hata ugomvi wako ninaukosa.

Dawa ninameza. Florentine anakuja kila asubuhi kabla ya soko, anasimama mbele yangu mpaka nimeze, kisha anasema, "Fungua kinywa." Ulimfundisha wewe, usikatae. Mwanamke anayeiba meza yangu sasa ananichungulia kooni! Na kwa nini hukuniambia kwamba dawa zile zinafanya mkojo uwe mwekundu? Siku ile ya kwanza ulipokwenda sokoni nilidhani ninakufa, nikaanza kuaga. Nilimwachia Florentine meza yote. Sasa hataki kusahau kwamba nilimwachia.

Kabemba, yule muuguzi wa kifua kikuu, ananipima kila Ijumaa. Nilimwambia, "Hata huku kuna mizani?" Yeye anafunga mlango, anaandika kwenye kadi, ananionyesha kadi bila kusema neno. Hamsini na mbili ulipoondoka. Sasa hamsini na sita. Ninakula bukari, sufuria nzima ya ugali, kama mchimbaji.

Kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hapa. Uliniuliza usiku na mchana kwa nini nilikudanganya, nikawa naimba nyimbo za kanisa.

Siku ile ya kwanza, Hénock alipopiga kelele "Cinquante-quatre!", nilikuwa nimejua kwamba nimepungua, lakini sikuwa nimejua namba. Nilikuwa nakaza kitenge tu kila wiki. Namba ikaniingia mwilini kama maji baridi. Halafu yule mke wa mchungaji, mwenye Biblia ya mume wake mkononi, alinigeukia akanitazama kuanzia miguuni. Nikaufahamu ule mtazamo. Ndivyo walivyomtazama Kalonji miezi yake ya mwisho, kabla hawajaacha kuja kabisa. Alisogeza mkoba wake. Basi. Hakunitukana, hakusema kitu, alisogeza mkoba wake tu. Nikauona mawazoni ukumbi wote wa arusi huko Musumba ukinitazama vile, na Jémima katika gauni lake, na mkono wangu mwembamba ukipokea kamba ya mbuzi. Nikatoka.

Nilikuwa na hasira, hiyo haikuwa uongo. Nilimchagua Hénock kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Lakini hata leo nasema: hakuna aliyempa ruhusa ya kunipigia kelele ugonjwa wangu kabla mimi mwenyewe sijajiambia.

Mbuzi anakula nini?

Dada yako,
Josée


Musumba, 15 Machi 2025

Yaya,

Moyo webe. Barua yako ilikaa wiki saba Kolwezi. Mvua iliharibu uwanja wetu, ndege ikawa inakuja juu, inatuzunguka, inaona matope, inarudi. Sadrack anasema barua yako imesafiri mara tatu mpaka hapa bila kushuka.

Uniambie kilo. Kila barua, kilo kwanza, salamu baadaye.

Mimi pia sikukuambia kitu. Siku ile ya Novemba uliponifungulia mlango nilikupita haraka nikaenda jikoni, nikasema moshi umeniingia machoni. Jiko halikuwa limewashwa, Yaya. Nilishika ukuta nikalia. Hivyo usidhani ni wewe peke yako unayejua kuficha katika ukoo huu.

Halafu Desemba, wakati wa kurudi, nikapanda kwenye mizani ile. Hénock akatangaza themanini na tatu. Kabla sijashuka nikamwuliza, "Mwanangu, mama yako iko kilo ngapi?" Akasema, "Sijue, mama." Nikamwambia, "Njo vile. Ni yake, haiko yako." Nikadai mkuu wa ofisi aje, nikiwa bado nimesimama juu ya chuma, na wote nyuma yangu wakingoja. Sikutaja jina lako wala ugonjwa. Nilisema tu kwamba mimi ni muuguzi, na kwamba kilo za mtu ni habari ya mwili wake, na anayetaka kuzijua kwa ajili ya ndege aziandike na anyamaze. Mchungaji mmoja alipiga makofi. Sijui kama ni yule wako.

Philippe naye akaandika barua ya pili, safari hii kwa bluu. Jibu lao limeshuka pamoja na barua yako. Sasa kilo zinaandikwa kwenye kipande cha karatasi kinachokunjwa. Mkubwa wa mgodi na muuza samaki, wote sawa.

Mbuzi anakula kila kitu. Tulidhani amenenepa kwa uvivu, kumbe alikuja na mimba. Amezaa wawili. Jémima hataki mtu awaite wa kwake, anasema ni wa Mama Josée wote watatu. Wamejifunza kulala katikati ya uwanja kwa sababu udongo wake una joto, na Philippe anashinda akiwafukuza na filimbi yake.

Maliza dawa mpaka kidonge cha mwisho. Hata ukijisikia simba, usipande ndege kabla Kabemba hajaandika kwamba umepona. Huku dawa zikikatika nitazitoa wapi?

Mdogo wako,
Agnès


Ndani ya ndege, Alhamisi, 5 Juni 2025

Agnès, mdogo wangu,

Kilo kwanza: sabini na moja.

Salamu baadaye: moyo webe. Kabemba amefunga kadi yangu Jumatatu, ameandika "amepona" na kugonga muhuri, mihuri miwili, niliomba wa pili. Florentine alilia, kisha akaniuliza kama lile neno la meza bado lipo. Barua hii sikumpa Sadrack. Ninaibeba mwenyewe, ninaiandikia magotini, hivyo usicheke herufi. Ndege inaruka kama lori la Musonoi.

Lazima nikuambie yaliyotokea uwanjani, kwa sababu nina hasira.

Nilivaa kitenge kimoja tu. Kimoja! Nilifika kabla ya wote. Ndege ilikuwa imesimama mbele yetu na msichana akatangaza kwamba iko njiani, nikamwambia, "Muzuri, mutoto, tunangojea," maana leo nilikuwa na moyo mweupe. Ukumbi ulikuwa umejaa. Walikuwepo wanawake watatu wa soko letu, na Mungu si mjinga, yule mke wa mchungaji pia alikuwepo, anasindikiza mtu. Nikaweka mkoba. Nikapanda. Nikanyoosha mgongo.

Hénock akasoma. Akachukua kikaratasi chake, akaandika, akakikunja mara mbili kama kura, akampa mwenzake. Kimya!

Nikamwambia, "Mwanangu, umesahau kusema."

Akanijibu kwa sauti ndogo, "Mama, hatusemake tena kilo kwa sauti. Ni siri ya muntu. Kulikuya mama mumoya wa Musumba, alitugombeza."

"Ule mama ni mudogo wangu!" nikasema. "Mi njo mukubwa yake, mi njo ninakupa ruhusa. Sema!"

"Mama, ni sheria sasa."

Fikiria hasira yangu. Walipaswa kunyamaza wakapiga kelele, sasa wanapaswa kupiga kelele wamenyamaza! Nikakataa kushuka. Watu nyuma wakaanza kunung'unika, Sadrack akachungulia mlangoni na saa yake. Hénock akanitazama vizuri. Nadhani ndipo aliponikumbuka, mama wa chumvi. Akatazama chini kwenye sindano ya mizani, tena kwangu, na uso wake ukabadilika. Ni mtoto mwema, Agnès, sijui kwa nini nilimchukia hivyo.

"Septante et un," akasema polepole.

"Sema nguvu, mwanangu. Batu basikie."

Akavuta pumzi, akafunga macho, akapiga kelele mpaka bati likalia: "Septante et un!"

Wanawake wa soko wakapiga vigelegele. Nilimtafuta mke wa mchungaji kwa macho, nikamkuta ananitazama, nikasubiri asogeze mkoba wake. Hakuusogeza. Nikashuka mizani taratibu, kama malkia, nikaenda kukaa mbele, mahali pa wazito.

Sasa tuko juu ya Musumba. Ninaona paa la zahanati yako, upande mmoja unang'aa na mwingine bado una kutu, waambie wamalize kazi yao. Ninaona kundi la watu pembeni ya uwanja, na mmoja amevaa gauni la njano, ninajua ni Jémima hata kutoka huku. Lakini hatushuki. Hii ni mara ya tatu tunazunguka. Nimemgonga Sadrack begani kumuuliza kuna nini.

"Mama, kuko mbuzi mu piste, katikati ya uwanja. Banakatala kutoka."

"Mbuzi ya nani?"

"Sijue. Ni moya mweusi, iko na batoto babili. Tata Philippe anabakimbiza na filimbi."

Najua barua hii utaisoma nikiwa nimekaa mbele yako. Ninaiandika hivyo hivyo, maana siwezi kunyamaza. Miezi tisa nimekaa chini nikiogopa kupanda. Agnès, shika kamba ya mbuzi wangu. Ninataka kushuka.

Josée